Kumbikumbi wa Mchana

Mvua za kwanza zikinyesha Gitega, mtaa wetu wa Nyamugari hunuka kumbikumbi. Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja, huwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, haongezi kitu ila chumvi, na harufu ile hupita juu ya ukuta ikanikuta kwenye cherehani. Ni harufu ya karanga zilizoungua kidogo na udongo uliolowa, pamoja na kitu kingine ambacho sijawahi kukipatia jina. Mguu wangu husimama juu ya pedali. Mate hunijaa mdomoni, nikameza, nikaendelea kushona. Kila mwaka ni hivyo hivyo, na kila mwaka Mama Zuhura hufika mlangoni na sahani.

"Kuya uonje, iko ya moto!"

"Aksanti, Mama Zuhura. Mi nangojea zangu."

"Yoo! Iswa nazo ziko na mwenyewe? Zinatoka mu udongo, kila mtu anaokota, mais we unangojea zako!"

"Zangu ziko Butihinda."

"Bon, ngojea basi. Siye tunakula."

Hucheka, akaondoka na sahani yake ya iswa, ndivyo anavyowaita kumbikumbi, na najua ananiona nina maringo. Sijawahi kumweleza. Ni habari ndefu kwa mazungumzo ya mlangoni, tena inanitaka nikubali kwamba nilikuwa mtoto mjinga kuliko wenzangu. Hapa kwenye karatasi hakuna wa kunicheka usoni, basi niieleze.

Nilizaliwa kambini, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Tuliporudi nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele. Siku ya safari tulipangwa mstari, mtu mmoja mwenye karatasi akawa anasoma: familia ya fulani, watu saba, pandeni, familia ya fulani, watu wawili, pandeni. Aliposoma jina letu alisema watu watano: Baba, Mama, kaka yangu Dezire, mimi Jeneroza, na Bibi, mama yake Baba. Kichwani mwangu dunia ilinyooka siku ile. Nilielewa kwamba kila kiumbe kilichoko mahali pasipo pake kinangojea tu mtu wa karatasi aje, asome jina, na lori likirudishe kwao.

Bibi alishuka kwenye lori ameshika kopo la mafuta ya kula, yale makopo ya bati ya mgao, ambalo alikuwa amelitia mshikio wa waya. Ndani mlikuwa na mbegu za maboga. Alizipanda wiki ile ile, na kopo likawa langu.

Shamba la marehemu babu, pale Butihinda, lilikuwa ukanda mrefu kutoka barabara ya juu hadi kwenye kinamasi bondeni. Tulimkuta Mzee Simeoni analilima. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililotutia tabu. Alikuwa amepewa na wakubwa wa wakati ule likiwa pori tupu, akalisafisha, akapanda migomba, akazika watoto wawili pale. Alitupa pembe moja tusimamishe turubai letu, akatuletea na ndizi za kupika. Lakini Baba alipotaja shamba, alisema kwa upole, "Nionyeshe kitu kimoja tu cha baba yako hapa." Hatukuwa nacho. Nyumba ilikuwa imeanguka zamani, mawe ya mpaka yalihamishwa, miti ilikuwa imegeuzwa makaa, na majirani waliomjua babu ama walikufa ama walikuwa bado ng'ambo.

Baba alisema tukishindwa kupata shamba kabla ya msimu wa kupanda kupita, atatuchukua twende Gitega akabebe mizigo sokoni. Bibi alijibu kwamba yeye hahami tena. Safari yake nyingine atabebwa amelala. Walisema hivyo mbele yetu, tukila, bila kugombana. Mimi nilikuwa nikilala mgongoni kwa Bibi tangu nilipoachishwa ziwa, na wazo la kwenda Gitega bila mgongo ule lilinikosesha raha kabisa.

Sasa niseme habari za Kisiwa. Chini ya shamba, katikati ya mafunjo, palikuwa na kipande cha ardhi kilichoinuka, hakizidi uwanja wa kanisa dogo, na katikati yake kichuguu kirefu kuliko Baba. Kiangazi ulivuka kwa magogo mawili. Mvua zikianza, maji yalikizunguka pande zote. Hakuna aliyelima pale, kwa sababu mizizi ilishinda jembe na maji yaliozesha maharagwe. Huku juu mlimani kila shubiri ya udongo ilikuwa imelimwa na majani yamechomwa, na wadudu ulioweza kuwaona ni nzi, sisimizi, na wale vijidudu weusi wa kwenye maharagwe.

Siku Bibi aliponipeleka Kisiwani kukata majani, nilikaa chini nikasahau kazi. Palikuwa na jongoo wekundu wenye miguu ya njano, wanene kama kidole changu cha gumba. Kereng'ende wa buluu walishika ncha za mafunjo, kila mmoja na ncha yake, na akija mgeni anafukuzwa. Nilitaka kushika jani kavu, likanigeuzia kichwa, kumbe vunjajungu. Buibui mmoja alikuwa na miba mgongoni, mwingine alibeba watoto wake wote kwa pamoja wakiwa wamemganda. Nilimwona mbawakawa wa kijani cha kung'aa ambacho sikukiona tena mpaka nilipoanza kushona satini za maharusi. Palikuwa na panzi wenye vibawa vifupi mno, visivyofika hata nusu ya mgongo, wasioweza kuruka. Walitembea tu kama wazee wanaotoka kanisani. Nyenje walikuwa wakilia mfululizo, nikinyanyua mguu wananyamaza wote, nikitulia wanaanza tena.

Niliwatazama, nikawahurumia hadi machozi. Kambini tulikuwa vivyo hivyo, watu wa kila namna tumebanana mahali padogo, kila mmoja akigombea ncha yake. Wale panzi ndio walionimaliza kabisa. Niliamini mabawa yao yameisha kwa umbali waliotoka. Nikajua, bila kumwuliza mtu, kwamba viumbe wote wa mlima walikimbilia pale na kwamba hakuna aliyekumbuka kuwaletea lori.

Kesho yake nilianza kazi. Karatasi yangu ilikuwa kipande cha jani la mgomba, lori langu ni kopo. Nilisimama mbele yao nikasoma kwa sauti ya yule mtu wa kambini. "Familia ya Jongoo, mtu mmoja, panda. Familia ya Panzi, watu wanne, pandeni, msisukumane." Vunjajungu alikataa, akaninyanyulia mikono kwa ukali, nami sikumlazimisha, maana hata Bibi alikataa mara tatu kabla ya kukubali kupanda. Niliwapandisha mlimani, nikawamwaga nyuma ya jiko letu, nikawaambia karibuni nyumbani. Nilirudi kwa wengine. Kwa siku tatu nilienda na kurudi, na kila nilipofika jikoni nilikuta wale wa jana wametoweka, nikafurahi kwamba kila mmoja ameshaliona shamba lake.

Siku ya nne nilimkuta kuku mwekundu wa Mzee Simeoni amembana mbawakawa wangu wa satini. Alimgeuza mara mbili, akammeza. Nyuma yake walikuwa kuku wengine watano wamekaa mkao wa kula, wananisubiri mimi na kopo langu. Nililia siku nzima, na Mama aliponiuliza nilisema jino linaniuma.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nilifikiri kosa langu ni kuchagua wasiojua kujificha. Basi nikachukua jembe la mkono la Bibi, nikaenda kwa mchwa. Ukuta wa kichuguu ulikuwa mgumu kama tofali la kuchomwa. Nilipiga hadi mikono ikachubuka, mara ukaingia ndani wote kwa mpigo mmoja, ikatoka hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya uyoga. Mchwa askari, wale wenye vichwa vikubwa, wakaning'ang'ania vidoleni. Nilisoma majina hivyo hivyo nikiumwa. Nilijaza kopo langu mara nne, mchwa na udongo wao, nikawafukia nyuma ya jiko na kuweka jiwe juu, kuku wasifukue. Kwenye kichuguu nilibakiza shimo la kuweza kuingiza sufuria.

Siku mbili baadaye walikuja bashingantahe, watu wazima wa mlima, maana kwetu mlima ndio kijiji, wanaosikiliza mashauri. Walikuwa watatu, wawili wanaume na mmoja mama, wakakaa kwenye viti vya Mzee Simeoni. Baba alisema yake, Mzee Simeoni akasema yake. Walizungumza Kirundi, ambacho wakati ule nilikuwa nakisikia kuliko kukisema. Yule mama mshingantahe alimgeukia Bibi. "Na wewe, mama, huna neno?"

"Ninalo," Bibi alisema. "Kile kichuguu cha Kisiwani kilikuwa cha mume wangu."

Hapo ni lazima nieleze kwamba kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama mgomba ulivyo na mwenyewe. Mwenye shamba linaloteremkia kwenye kichuguu ndiye mwenye kumbikumbi wake, na hakuna mtu wa heshima anayeokota kwenye cha mwingine bila kuitwa.

"Kila mtu anaweza kusema hivyo," Mzee Simeoni alisema. "Kichuguu kile kimekufa, mama. Nipo hapa miaka yote hii, sijawahi kuona kitu kikiruka pale."

"Umewahi kutazama mchana?"

Watu walicheka. Kumbikumbi wa mlima wetu hutoka jua likizama, watoto wote wanajua.

"Wa pale hutoka mchana kweupe," Bibi alisema. "Mvua ya kwanza hawatoki. Ya pili ikikatika, jua likirudi, hutoka, na hawakawii. Ukienda kufuata kikapu utakuta wamekwisha. Nimewaokota nikiwa na mimba ya huyu." Akamwonyesha Baba.

Bashingantahe walinong'onezana. Kisha mkubwa wao akagonga fimbo chini. Alisema jambo hilo hawezi kulijua mtu ambaye hakukaa pale. Wakitoka mchana, shamba ni la mama huyu. Wasipotoka, ni la Simeoni, na habari imekwisha.

"Nakubali," alisema Mzee Simeoni.

Baba alimtazama Bibi. "Nasi wasipotoka tutaondoka, Mama. Sote."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai, nimeficha mikono yangu yenye alama za meno ya mchwa. Shahidi pekee wa Bibi nilikuwa nimempasua ubavu kwa jembe lake mwenyewe.

Jioni ile nilikimbia Kisiwani. Nilifukua makopo yangu manne ya udongo, nikayarudisha yote, ingawa ndani yake sikuona mchwa hata mmoja aliye hai. Nikakanda tope, nikaziba shimo, nikapiga lipu kwa viganja kama nilivyoona mafundi wakifanya. Nilitega sikio kwenye ukuta. Kimya. Mara kadhaa nilifungua mdomo kumwambia Bibi, na kila mara nikaishia kuomba maji ya kunywa. Yeye alinishika mikono, akaitazama pande zote mbili, akanipaka mafuta ya ng'ombe.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, kubwa, ikatoboa turubai. Ya pili ilikawia siku sita. Sijawahi kuzihesabu siku namna ile tena, hata nilipokuwa nangojea mtoto wangu wa kwanza. Siku ya saba ilinyesha baada ya chakula cha mchana, ikakatika ghafla, na jua likawaka juu ya mafunjo. Bibi alikuwa ameshapandisha vazi lake magotini. Magogo yalikuwa yamezama, tukavuka ndani ya maji, mimi nimeshika kiuno chake: Baba, Mama, Dezire, wale bashingantahe watatu wakiwa wamebeba viatu, Mzee Simeoni, na nusu ya mlima nyuma yetu.

Bibi alichuchumaa kando ya kichuguu, akashika vijiti viwili, akaanza kupiga chini kwa haraka, tikitiki, tikitiki, kama matone juu ya jani la mgomba. Alikuwa akiwaita. Nyenje wote walinyamaza. Watu walisimama wakitazama. Hakikutoka kitu.

Alipiga. Jasho lilianza kumtoka. Mtu mmoja nyuma yetu akakohoa, mwingine akasema turudi. Niliona Baba anainamisha kichwa, na Mzee Simeoni, Mungu amrehemu, hakuonyesha furaha yoyote, alitazama pembeni. Nilikuwa nimefika mwisho wangu. Nilikuwa karibu kusema, mbele ya watu wote, kwamba ni mimi, kwamba wasiwahukumu wa kwetu kwa kosa langu, wakati kiraka changu cha tope kilipofanya ufa.

Kutoka ndani ya ufa kilitokea kichwa. Wakafuata askari, wakajipanga pembezoni. Kisha wakaja wenyewe, wembamba, kahawia, mabawa yamelowa na kukunjana, wakatembea hatua mbili tatu juani wakaruka. Walitoka pale kwenye kiraka, wakatoka na upande wa pili, na juu kileleni, wakapanda hewani wengi hadi jua likawa kama linatazamwa kupitia kitambaa cha chandarua. Watoto walipiga kelele. Kereng'ende walikuja wakiwadaka. Bibi hakuacha kupiga vijiti. Alikuwa akilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, akipiga.

Mzee Simeoni alivua kofia yake. "Mvua ikikatika mimi huwa niko juu napanda," alisema polepole, kana kwamba anajieleza kwa kumbikumbi. Kisha akamgeukia yule mshingantahe mwenye fimbo. "Ni pake."

Ni Bibi aliyesema wagawane. Alisema hawezi kumfukuza mtu kwenye makaburi ya watoto wake. Mzee Simeoni alibaki na upande wa juu, wenye migomba na makaburi, nasi tukapata wa chini, unaoteremka hadi Kisiwani. Siku ile kumbikumbi tuliowaokota walikaangwa katika karai moja, la mke wa Mzee Simeoni, na tukala sote kwa mikono, moto moto. Sijala tena kitu kitamu kiasi kile.

Tulipokuwa tunarudi kuchukua vijiti vyake nilimwambia. "Bibi, ni mimi nilitoboa kichuguu."

"Najua. Nililiona kopo."

"Nilitaka kuwarudisha kwao. Walikuwa wakimbizi."

Alisimama ndani ya maji. "Nani?"

"Wote. Panzi, jongoo. Wote walikimbilia Kisiwani."

Alianza kucheka, halafu kicheko kikamwishia. Akanibeba kiunoni ingawa nilikuwa mzito. "Hawa hawakukimbia, mjukuu wangu. Sisi ndio tulikimbia. Hawa walibaki."

Mwaka kama wa tatu baada ya hapo udongo ulianza kuinuka nyuma ya jiko, mahali pale pale nilipofukia makopo yangu. Baba alitaka kuusawazisha ajenge banda la mbuzi. Bibi alikaa juu yake na kiti, akakataa. "Hicho ni cha Jeneroza," alisema. "Aliwaleta mwenyewe kwa kopo." Shuleni nilikuja kufundishwa kwamba mchwa wale wafanyakazi hawazai, kwamba kichuguu kipya huanzishwa na wale wenye mabawa, wanapotua na kuyaangusha na kuingia ardhini wawili wawili. Kwa hiyo makopo yangu, ambayo hata hivyo niliyafukua na kuyarudisha, hayakuzaa kitu. Ni wale waliopita kwenye kiraka changu siku ile waliotua nyuma ya jiko. Nilirudi nyumbani na elimu hiyo ikiniwasha ulimini, nikamkuta Bibi anakifagia kile kichuguu, na sikumwambia. Mpaka leo sijuti.

Alipoona safari yake ile ya kubebwa imekaribia, alimwita Baba na Dezire na Mzee Simeoni awe shahidi, akarudia maneno yale yale: hicho ni cha Jeneroza. Walidhani ni maneno ya uzee.

Kwetu msichana hapewi shamba. Baba alipofariki, Dezire na mdogo wetu aliyezaliwa baada ya kurudi walivuta kamba kugawana, na mimi nilikuwa nimesimama pale na wageni wengine, nimeshatengeneza uso wa kwamba sijali. Moyo ulikuwa unaniuma. Kamba ilipofika nyuma ya jiko, Mzee Simeoni, aliyekuwa haoni vizuri tena, aliuliza kutoka kwenye kiti chake, "Na kile kichuguu?"

Dezire alisimama. Alinitazama, akarudi nyuma hatua tatu, akaizungusha kamba, kichuguu kikabaki nje yake. Kipande hicho, ambacho kitanda changu hakiwezi kuenea, ndicho ardhi yangu yote hapa duniani. Na kumbikumbi wake hutoka mchana.

Leo Mama Zuhura ameleta sahani, tumebishana kama kawaida, ameondoka. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano simu ikalia. Dezire hana salamu ndefu.

"Dada, jana mvua ya kwanza ilinyesha huku," alisema. "Njoo kabla ya ya pili. Kuku nimeshawafungia."